Injini Iliyofutwa Namba

"Shangazi, hapa Ghala. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Isimamishe."

"Kwa wema au kwa ubaya?"

"Kadiri watakavyokupokea."

Shangazi akaichomeka redio yake ya Motorola kiunoni, akamgonga nahodha begani. Boti ya doria ikainua pua. Injini mbili za Yamaha zilinguruma nyuma yao, na maji yakapasuka huku na huku.

Mbele yao ilikwenda boti kuukuu. Rangi ilikuwa imebabuka, kioo cha mbele kimeshikwa kwa gundi ya karatasi, na kiti kimoja hakikuwa na mgongo. Ukiikuta gatini utauliza mwenye nayo anasubiri nini kuifanya kuni. Ilikuwa imedidimia majini kwa uzito, na bado ilikwenda vilevile, haipungui, haiyumbi, kama ng'ombe wa plau aliyeshika mstari wake.

"Zimeni injini," nahodha alisema kwenye kipaza sauti.

Walimjibu kwa risasi.

Kioo cha doria kilisambaratika. Nahodha alijishika shingo, damu ikamchuruzika kati ya vidole, akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka kusimama. Shangazi hakuwa na nafasi ya kumlilia. Alishika usukani kwa mkono wa kushoto na bastola yake ya Glock kwa wa kulia.

Vijana wa kitengo ndio waliompa jina hilo la Shangazi. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye tabia ya kumwita kila mtu "mwanangu" dakika chache kabla ya kumvunja mkono. Wapo waliomdharau kwa umbo lake. Wengi wao hawapo tena.

Boti kuukuu ikageuka ghafla na kuja kuwavaa ubavuni.

Ilimshangaza. Boti ya doria ilikuwa kubwa zaidi na mpya zaidi, lakini lile kopo lilipoigonga halikurudi nyuma. Liliendelea kusukuma. Liliisukuma doria kimbavumbavu kuelekea kwenye mawe ya ukuta wa bahari, huku Yamaha zote mbili zikipiga kelele bure.

Shangazi aliachia usukani, akaruka.

Alitua juu ya magunia. Mtu wa kwanza aligeuka na bunduki yake nusu. Nusu haitoshi. Shangazi alimpiga risasi mbili kifuani na moja usoni, kwa sababu aliwahi kumwamini maiti mmoja huko nyuma na kovu lake bado analo.

Wa pili alimjia na ufito wenye kulabu. Kulabu ilimchana bega. Shangazi akaudaka ufito, akauvuta, na jamaa akaja nao mzimamzima. Alimpiga kichwa cha pua. Alimpiga tena. Jamaa akarudi kinyumenyume, akakosa pa kukanyaga, akaanguka nyuma ya boti palipokuwa na rafadha, pangaboi la kusukumia boti, inayozunguka.

Alipiga ukelele mfupi. Maji ya nyuma yakabadilika rangi.

Shangazi alitafuta kitasa cha kuzimia injini, akakivuta, na kimya kikaingia. Alichomoa kisu na kukichoma kwenye gunia moja.

Mchanga.

Akachoma jingine, na jingine. Boti nzima ilikuwa imesheheni mchanga mtupu.

* * *

"Nahodha wangu amekufa," alisema Mzee. "Wale wawili wamekufa. Na wewe umeniletea mchanga."

Mzee ndiye aliyekuwa Ghala kwenye redio. Alikuwa mkuu wa kitengo, mtu mwembamba, asiyepandisha sauti hata anapokasirika, jambo lililowafanya watu wamwogope zaidi. Walikuwa ndani ya banda la boti la kitengo. Boti kuukuu ilikuwa imenyanyuliwa kwa minyororo na ilikuwa ikidondosha maji sakafuni.

"Sikuwaua kwa kupenda," Shangazi alisema. Daktari alikuwa akimshona bega. "Huyo wa pili alijimaliza mwenyewe."

"Basi iulize boti. Ndiyo pekee iliyobaki."

Aliyekuwa akiiuliza boti ni Mhandisi wa kitengo, binti mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alikuwa amezama kwenye tumbo la boti mpaka kiunoni. Alijitoa, grisi mpaka viwikoni.

"Injini hii imeogeshwa," alisema. "Namba zimekatwa kwa grinda. Vibao vya kiwanda vimeng'olewa. Mipira haina maandishi. Hata vichwa vya bolti vimepigwa tupa. Aliyefanya hivi hakutaka hata nati moja iseme ilikozaliwa."

"Kwa hiyo hatujui kitu," alisema Mzee.

"Sikusema hivyo. Namba zinafutika, umbo halifutiki." Alimulika tochi. "Silinda sita kwenye mstari mmoja. Dizeli. Pampu ya mafuta imesimama wima ubavuni, na hapo ndipo nilipoikamata. Ni Perkins ya zamani. Ilifungwa kwenye malori, kwenye matrekta, kwenye mashine za kuvunia. Zimejaa kila mahali, ndiyo maana wameichagua."

"Na mguu?" Shangazi aliuliza.

Mguu ni kile kipande cha chuma kinachoning'inia nje, nyuma ya boti ya namna ile. Injini hukaa ndani, nguvu hupenya ukuta wa nyuma, hushuka kwenye mguu na kuizungusha rafadha. Huu nao ulikuwa uchi, hauna jina wala namba, umepakwa rangi ya kijivu kwa brashi.

"Mguu ndio ulionichelewesha," alisema Mhandisi. "Nisaidie, dada. Weka alama ya chaki kwenye rafadha. Mimi nitazungusha injini kwa spana, wewe uniambie alama ikirudi juu."

Shangazi akaenda nyuma. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa injini za majini, na utoto wake wote ulinuka dizeli. Alichora chaki.

"Zungusha."

Spana ililia ndani. Rafadha ilisogea kivivu.

"Bado," alisema Shangazi. "Bado. Bado kabisa. Sasa."

Mhandisi akatoa kichwa nje. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Injini inazunguka sana, rafadha inazunguka kidogo. Huu si mguu wa kukimbia. Ni mguu wa kubeba. Mtu amefunga injini ya lori na mguu wa kukokotea mizigo kwenye boti ya kuvulia samaki."

Wote watatu waliyatazama magunia yaliyopangwa ukutani.

"Walikuwa wanajaribu," Shangazi alisema taratibu. "Wanataka kujua itabeba uzito wa mchanga huu mpaka wapi. Leo mchanga. Safari ijayo baruti."

Mzee aliwapa mgongo. Alikwenda kwenye ramani ya ghuba iliyobandikwa ukutani, akaweka kidole pale boti ilipoonekana mara ya kwanza, akakiburuta kufuata mstari ule iliokuwa imeushika. Kidole kilifika gati la mafuta. Meli ilikuwa imefunga pale tangu alfajiri, tumbo limejaa petroli. Nyuma ya gati zilianza nyumba za watu.

"Ikija hiyo ya baruti, siwezi kuipiga kwa kombora," alisema. "Ghuba imejaa vivuko. Mzigo kama huo ukilipuka katikati ya maji, vivuko vyote vitabaki mbao. Lazima isimamishwe na mtu aliye juu yake. Na lazima nijue inatokea wapi."

Shangazi alikuwa ameinama ndani ya boti, mkono wake ukipapasa ukuta wa nyuma. Vidole vilikutana na tundu la pembe nne.

"Mguu huu unanyanyuliwa kwa hendeli," alisema. "Unachomeka hapa, unazungusha kwa mkono, mguu unapanda mpaka rafadha itoke majini. Miguu ya namna hii niliiona kwenye boti za marubani wa bandari tu, wale wanaoziingiza meli gatini. Baba ndiye aliyekuwa akiitengeneza."

"Boti zile zilikatwa zamani."

"Boti zilikatwa, Mzee. Miguu iliuzwa."

Mzee akapiga simu moja fupi. Alisikiliza, akaguna, akakata. "Yote ilinunuliwa na karakana ya vyuma chakavu, nyuma ya kiwanda cha barafu."

Shangazi alikuwa tayari anavaa koti.

"Dada," alisema Mhandisi. "Kabla hujaondoka."

Alikuwa amefungua kifuniko kati ya injini na mguu. Injini ya kiwanda hiki na mguu wa kiwanda kile haviwezi kushikana vyenyewe. Lazima mtu achonge bamba la kuviunganisha. Bamba lilikuwa pale, la chuma kinene, la duara. Kila tundu lilikuwa limelainishwa mdomo. Ukingo wote ulikuwa umesuguliwa mpaka unang'aa, na ni ukingo ambao baada ya kufungwa hakuna jicho ambalo lingeuona tena.

Shangazi aliupitishia ukingo ule kidole gumba.

Kuna watu wanaotambuliwa kwa mwandiko. Katika nyumba yao watu walitambuliwa kwa ukingo. Baba yao alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye chuma walichochonga, na kidole kikikwaruzika, mtu analala na njaa. Shangazi alilala na njaa mara nyingi. Mdogo wake hakulala na njaa hata siku moja.

"Ni kazi ya mdogo wangu," alisema.

"Yule aliyepotea mwaka jana?" aliuliza Mzee.

"Aliyetekwa."

Hakuna aliyembishia. Mama yao alikuwa akisema hivyohivyo, ametekwa, kwa kila jirani aliyekuja kumpa pole. Shangazi alikuwa amemwahidi mama kwamba atamrudisha, na hakuwahi kumwahidi mama kitu asikitimize.

Mhandisi alifuta mikono yake kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Naomba radhi, dada. Mtu mwenye bunduki kisogoni anatoboa matundu, anakaza bolti, anaomba Mungu. Hasugui ukingo."

"Wewe humjui."

"Simjui. Naijua kazi iliyofanywa kwa mapenzi."

Shangazi alimtazama kwa jicho ambalo lingemkausha mtu mwingine. Binti hakuinamisha uso.

Mzee aliingilia kati. "Nenda. Ukimkuta amefungwa kamba, mlete kwa mama yake. Ukimkuta hajafungwa..."

"Nimeelewa."

"Nataka niisikie kutoka kinywani mwako."

"Nimeelewa, Mzee. Nitafanya kazi niliyotumwa."

* * *

Mlinzi wa karakana aliona mama mmoja akija na kikapu, kilemba kimekaa upande, viatu vya mpira miguuni. Akatema mate pembeni.

"Mama, leo hatuuzi."

"Natafuta mpira wa pampu tu, mwanangu. Mdogo kama kidole."

"Nimesema hatuuzi. Una masikio?"

"Ninayo. Wewe una watoto?"

"Sina. Kwani vipi?"

"Afadhali," alisema Shangazi, akampiga risasi kupitia kikapu.

Bunduki ya MP5 yenye kiziba sauti ilikohoa mara moja tu. Alimshika mwili kabla haujaanguka na kumlaza nyuma ya rundo la redieta, akaingia.

Ndani palikuwa na giza la mabati na harufu ya chuma kilichochomwa. Injini zilining'inia kwenye minyororo. Watu wawili walikuwa wakibeba kreti tupu. Wa kwanza aliangukia kreti lake. Wa pili alikimbilia bunduki iliyoegemezwa ukutani, akaishika, akageuka, na ndipo risasi zilipompanda kuanzia tumboni hadi shingoni.

Wa tatu hakumwona. Alitokea juu, kwenye daraja la winchi, akamwangukia mgongoni. MP5 iliruka mbali. Mkono mnene ulimzunguka koo na kubana. Macho yalianza kuona nyotanyota. Shangazi alipapasa mezani nyuma yake, akapata bisibisi, akaichomeka mahali alipokadiria pana jicho.

Alikadiria vizuri. Mkono ulilegea.

Alikohoa, akatema damu, akaokota silaha yake. Mwisho wa karakana palikuwa na chumba chenye mlango wa mbao. Alijua ndicho. Wakati wote njiani alikuwa akikifikiria chumba hiki: mnyororo ukutani, ndoo ya haja, mdogo wake amekonda, amejaa ndevu, anamwambia umechelewa dada. Alikuwa ameshaandaa na la kumjibu.

Alisukuma mlango. Ukafunguka wenyewe.

Palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, feni, na redio yenye kanda. Mashati yaliyopigwa pasi yalikuwa yametundikwa kwenye waya. Juu ya rafu zilipangwa tupa za kila ukubwa, mpya, zimepakwa mafuta zisishike kutu.

Shangazi aligeuka kuutazama mlango. Komeo lilikuwa kwa ndani.

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko bega na kuliko koo, na hakuna anayejua alisimama pale kwa muda gani akilitazama komeo lile la kawaida la dukani.

"Unamtafuta Fundi Mkuu?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mtu alikuwa ameketi kwenye ngazi inayoshukia majini, shati lake jeupe limelowa damu ubavuni. Risasi moja iliyopotea ilikuwa imempata. Alizungumza Kiswahili cha kujifunza ukubwani, kila neno limenyooshwa. Kwa lafudhi hiyo Shangazi alimjua: huyu ndiye mtu ambaye kitengo kilimwita Mgeni, kikiwa na picha yake moja tu, ya kisogo. Ndiye aliyeleta baruti.

"Amekwenda?" Shangazi aliuliza.

"Ametoka sasa hivi. Nilikuwa na mtu mwingine wa kuongoza boti. Fundi alikataa. Alisema boti yake haiongozwi na mjinga." Mgeni alitabasamu, meno yana damu. "Tulimpenda sana. Mtu wa kujituma."

Mkono wake ulikuwa ukitambaa kuelekea mfukoni. Shangazi aliuona tangu ulipoanza. Aliuacha ufike, ili asije akajilaumu baadaye, kisha akampiga risasi ya paji la uso.

Nje, chini ya ngazi, ilikuwepo boti ndogo ya mpira. Mbele, katikati ya ghuba yenye jua la mchana, mgongo wa boti nyingine kuukuu ulikuwa ukienda zake, umedidimia, umenyooka.

"Ghala, hapa Shangazi. Imeshatoka. Wekeni vivuko pembeni."

"Umempata ndugu yako?"

"Naenda kumpata."

* * *

Aliifikia kwa nyuma na kupanda bila kunyata. Hakukuwa na haja. Injini ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba hata bomu lingebisha hodi mara mbili.

Mdogo wake alisimama kwenye usukani, amevaa jaketi la kujiokolea. Usukani ulikuwa umefungwa kwa waya usigeuke. Kitasa cha mafuta nacho kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho na kufungwa kwa waya. Kreti zilijaa kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya injini, juu ya kila kitu. Aligeuka. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakuwa na ndevu.

"Dada," alisema, kama wanaokutana sokoni. "Nilijua atakuja mtu. Niliomba usiwe wewe."

"Zima."

"Hakuna cha kuzimia. Nimekiondoa." Alitabasamu kwa aibu, tabasamu lilelile la utotoni anapoonyesha kitu alichokitengeneza. "Umeliona bamba? Ile boti ya majaribio mnayo nyinyi. Lazima mmelifungua."

"Nimeliona."

"Na?"

Shangazi alikuwa amemwelekezea Glock kifuani. "Ni zuri," alisema. "Baba mwenyewe asingeweza."

Alifurahi. Hilo ndilo lililomtisha Shangazi: mwanamume mzima, juu ya baruti, anafurahi kwa dhati.

"Nyumbani nilikuwa mdogo wako," alisema. "Kazini mdogo wake Shangazi. Hata msibani kwa baba, watu walipanga foleni kukupa pole wewe, mimi nikagawa viti. Hawa walinipa karakana, wakanyamaza nilipokuwa nasema. Wanasikiliza, dada. Hujui raha yake, kwa sababu wewe umesikilizwa maisha yako yote."

"Kwenye lile gati kuna watu wanafanya kazi. Nyuma yake kuna watoto."

"Watu wako kila mahali."

Alilisema bila chuki. Shangazi alimtafuta mdogo wake kwenye uso ule na hakumwona.

Gati lilikuwa linakuwa kubwa. Aliweza kuyaona mabomba ya meli.

"Nipe hendeli ya mguu," alisema.

Ilikuwa mkononi mwa mdogo wake. Fimbo ya chuma iliyopinda, ncha yake pembe nne. Alijua udhaifu wa kazi yake ni mmoja tu, na alikuwa ameushika mwenyewe.

"Ruka na mimi," alisema. "Kabla ya lile boya la gati. Utasema hukuniwahi."

"Mama anakuwekea sahani. Kila siku. Anaifunika kwa sahani nyingine, asubuhi anaiosha."

Uso wake ulitikisika. Aligeukia pembeni, akajifuta pua kwa mkono wa shati, na kwa muda kidogo Shangazi aliamini kwamba amempata.

Hendeli ilikuja kwa nguvu zote. Ilimpiga kwenye mtulinga na mfupa ukakatika. Aliusikia ukikatika juu ya kelele za injini. Mkono wa kulia ulikufa. Glock ilianguka kati ya kreti. Hendeli ilipanda tena, na safari hii ilikuwa ikija kichwani.

Shangazi hakurudi nyuma. Alijitupa miguuni pake, wakaanguka wote, meno yakagongana na mbao. Mdogo wake alimkalia, akambana shingo kwa ile fimbo ya chuma. Alikuwa na nguvu za fundi. Vidole vya kushoto vya Shangazi vilichimba kati ya kreti, vikagusa chuma, vikapoteza, vikagusa tena.

"Lala, dada," alikuwa akisema, machozi yanamdondoka. "Lala tu."

Shangazi aliweka mdomo wa Glock chini ya jaketi la kujiokolea na kuvuta mara moja.

Mdogo wake alimwangukia kwa uzito wake wote. Alisema neno moja sikioni mwake, jina ambalo alikuwa akimwita alipokuwa hajajua kutamka vizuri. Kisha akaacha kupumua.

Hakukuwa na nafasi. Shangazi alimsukuma pembeni. Vidole vyake vilikuwa bado vimeishika hendeli, na ilibidi avikunjue kimoja kimoja. Alitambaa juu ya kreti mpaka nyuma, akapapasa, akalipata tundu, akachomeka.

Akazungusha kwa mkono wa kushoto.

Mguu haukutaka kupanda. Injini ya lori ilikuwa ikiusukuma chini kwa nguvu zake zote. Alitia mwili mzima, mfupa uliovunjika ukisagana, akapiga kelele na kuzungusha, akatapika na kuzungusha. Uliposogea, ulisogea kidogo tu. Akaendelea. Maji nyuma yalianza kuchemka. Ghafla rafadha ikachomoza, ikakata hewa, na injini ikapiga mayowe ya kitu kilichonyang'anywa kazi.

Boti ikaenda kwa msukumo wake wenyewe. Ikapungua. Ikapungua zaidi.

Ilisimama kwenye kivuli cha gati. Juu, mfanyakazi mmoja mwenye kofia ngumu aliinama na kumtazama mama mwenye damu usoni.

"Mama, hapa hairuhusiwi kufunga boti."

"Samahani, mwanangu," alisema Shangazi. "Sikai."

* * *

"Shangazi, hapa Ghala. Ongea."

"Imesimama. Tumeni watu wa mabomu."

"Na ndugu yako?"

Alikuwa amemfunika uso kwa kilemba chake. "Amekufa."

Redio ilikwaruza. Mzee hakuwa mpumbavu, na alipouliza tena aliuliza polepole, kama anayemfungulia mtu mlango. "Waliomteka ndio waliomuua. Ndivyo nilivyosikia?"

Uongo ule ulikuwa zawadi. Mama angeweza kuishi nayo. Angeiweka sebuleni pamoja na picha.

"Hapana, Mzee. Hakuwa amefungwa kamba. Nimemuua mimi."

Redio ilikwaruza tena.

"Nitatuma mtu aende kwa mama yenu."

"Usitume mtu. Nilimwahidi mimi, nitamwambia mimi."

Alipanda ngazi ya gati kwa mkono mmoja. Juu kulikuwa na bomba ambapo wafanyakazi huoshea mikono, na sabuni ya unga kwenye kopo. Alinawa. Damu ilikuwa imeingia chini ya kucha, akazisugua moja moja, kwa sababu mama yake alikuwa na tabia ya kushika mikono ya watu anapozungumza nao. Daktari wa kitengo alimkimbilia na machela. Alimruhusu amfunge mkono kifuani, basi. Askari walikuwa wakikimbilia majini; yeye alipita katikati yao akienda upande wa pili, mwendo wake wa siku zote.

Barabarani alisimamisha teksi, akataja mtaa.

Dereva alimwona kwenye kioo, mkono umefungwa, shingo ina alama. Akakanyaga mafuta. "Shika vizuri, mama. Nitakufikisha sasa hivi."

"Endesha taratibu, mwanangu," alisema Shangazi. "Huko sina haraka ya kufika."